Rangi Zije Mwisho: Skauti Wadogo na Jimbo Lao la Minnesota

Mtoto wa miaka saba alikuwa ameketi kando yangu akipaka rangi picha ya ndege. Ilikuwa jioni ya kikao cha skauti wadogo katika kitongoji kimoja cha kaskazini mwa Minneapolis, nami nilikuwapo kama mzazi wa kujitolea. Ndege mwenyewe ni loon, ndege wa maziwani ambaye bunge la Minnesota lilimfanya ndege rasmi wa jimbo mwaka 1961, na mtoto alikuwa amempaka macho rangi ya samawati kwa uangalifu mkubwa, ncha ya ulimi ikiwa imetokeza pembeni mwa mdomo. Macho ya loon wakati wa majira ya joto ni mekundu kama kaa la moto. Hakuna aliyemwambia hivyo, kwa sababu karatasi haikusema, na kiongozi aliyeichapisha akitoka kazini hakuwa na muda wa kutafuta zaidi. Baada ya ndege ikafuata bendera, kisha ua, kisha samaki, na saa moja ilipokwisha kila mtoto alihesabiwa kuwa amejifunza jimbo lake.

Simlaumu kiongozi yule, kwani anajitolea baada ya siku ndefu, na bila watu kama yeye hakungekuwa na kikao chochote. Ninachokihoji ni mpangilio wa somo lenyewe. Shughuli nyingi zinazotungwa ili kuwafundisha skauti wadogo habari za jimbo lao huanza na kuishia kwenye alama: ndege, ua, mti, bendera, lakabu. Alama hizo huletwa kwa watoto kana kwamba zilikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia, ilhali kila moja ni uamuzi uliopitishwa na watu fulani, mwaka fulani, kwa sababu fulani, na mara nyingine baada ya mabishano makali. Mtoto anayepewa alama bila kuonyeshwa uamuzi hubaki mtazamaji, lakini anayeelezwa nani aliamua na kwa nini, kisha akapelekwa mahali penyewe, huanza kujiona kuwa naye ana sauti katika nchi anayoishi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu tunaozungumza Kiswahili hapa. Brooklyn Park na vitongoji jirani vina Wakenya wengi, na zimekuja pia familia za Wakongo ambazo baadhi ya watoto wao walizaliwa katika kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma. Mzazi aliyekuwa skauti wa Sungura alipokuwa shule ya msingi Kenya hahitaji kubembelezwa ili amwandikishe mwanawe katika Cub Scouts, ambayo hapa Marekani ilianza mwaka 1930 na huwapokea watoto kuanzia chekechea hadi darasa la tano, wasichana wakiwemo tangu mwaka 2018. Wengine huwapeleka mabinti zao Girl Scouts, chama kilichoanzishwa mwaka 1912, ambako wasichana wa darasa la pili na la tatu huitwa Brownie. Mzee wa kwetu akikutana na mtoto huyo kanisani au msikitini, swali linalofuata salamu ni lile lile: kwenu wapi? Mtoto husita. Amefundishwa kujibu Kisii, au Bukavu, mahali ambapo huenda hajawahi kupakanyaga. Lugha yetu inatenganisha nyumbani, mtu anapolala na kuamka, na kwao, mahali kilipozikwa kitovu chake, na mtoto aliyezaliwa katika hospitali ya Minneapolis hajui ajiweke wapi kati ya maneno hayo mawili. Picha ya ndege haiwezi kumsaidia katika hilo, ila somo la jimbo likifundishwa vizuri linaweza.

Tuzitazame kwanza alama zenyewe, maadamu ndizo zilizozoeleka. Mwaka 1988 Minnesota ilipata muffin, yaani keki ndogo, rasmi ya jimbo, ile ya blueberry, kwa sababu wanafunzi wa darasa la tatu wa mji mdogo wa Carlton waliipendekeza. Mwaka 2000 monarch akawa kipepeo wa jimbo kwa pendekezo la wanafunzi wa darasa la nne wa Mahtomedi, na mwaka 2006 tufaha la Honeycrisp, lililozalishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, likawa tunda rasmi kwa juhudi za wanafunzi wa darasa la nne wa Bayport. Hao walikuwa na umri ule ule wa skauti tunaowagawia kalamu za rangi. Wazo lao lilipita njia ambayo kila sheria ya jimbo hupita: mbunge wa kulibeba, muswada, kura za mabaraza mawili, sahihi ya gavana. Kwa nini basi skauti wetu wasiulizwe ni kitu gani cha jimbo lao ambacho bado hakijaheshimiwa, wakabishana, wakapiga kura, kisha wakamwandikia mbunge wa eneo lao barua kwa mkono wao? Barua hiyo ikishapelekwa, ziara ya jengo la bunge mjini St. Paul, lililofunguliwa mwaka 1905, inakuwa na maana nyingine kabisa. Watoto hufurahia farasi wanne wa dhahabu walio juu ya paa, na wafurahie, lakini mtoto mwenye barua yake ndani ya jengo lile hutazama pia viti vya wabunge.

Bendera ina somo kubwa zaidi. Ile iliyoanza mwaka 1893 ilibeba nembo ya jimbo, na ndani ya nembo hiyo alikuwapo mlowezi akilima, bunduki yake ikiwa imeegemezwa kwenye kisiki karibu naye, na nyuma yake mwenyeji asilia aliyepanda farasi. Kwa miaka mingi Wadakota na Waojibwe, wenyeji asilia wa jimbo hili, walisema kwamba picha ile iliwaonyesha kama watu ambao kazi yao ni kuondoka. Mwaka 2023 bunge liliunda tume ya kutafuta bendera mpya, wananchi wakatuma michoro zaidi ya elfu mbili, na bendera mpya ikaanza kutumika rasmi tarehe 11 Mei 2024, siku ya kumbukumbu ya Minnesota kuwa jimbo mwaka 1858. Sasa kuna umbo la samawati iliyoiva linalofuata sura ya jimbo, nyota nyeupe yenye ncha nane, na samawati nyepesi iliyo tupu. Wapo waliokasirika, na baadhi ya miji na kaunti zimeamua kuendelea na ile ya zamani. Viongozi wengi wa skauti hulikwepa jambo hili wakihofia siasa, nami naona wanapoteza somo bora kuliko yote waliyo nayo. Ziwekwe bendera mbili mezani bila maelezo, watoto waulizwe tu wanaona nini. Nimeliona swali hilo likiulizwa, na msichana wa miaka minane akajibu kwamba huyu analima na yule anaondoka, kisha akauliza anakwenda wapi. Mjadala uliofuata haukuhitaji chama chochote cha siasa.

Baada ya meza, watoto watoke nje. Minnesota hujiita nchi ya maziwa elfu kumi, na yakihesabiwa maziwa yenye ukubwa wa ekari kumi na zaidi yanapatikana 11,842. Jina lenyewe limetoka katika lugha ya Wadakota, Mni Sota Makoce, nchi ambayo maji yake huakisi mawingu, na hakuna karatasi inayoweza kulieleza jina hilo kama asubuhi tulivu kando ya ziwa lolote. Hata ndani ya Minneapolis lipo Bde Maka Ska, ziwa ambalo kwa muda mrefu liliitwa kwa jina la John C. Calhoun, mwanasiasa aliyeutetea utumwa, hadi jina la Kidakota liliporejeshwa mwaka 2018 na mahakama ya juu ya jimbo kuliafiki mwaka 2020. Matembezi ya kulizunguka, kibao cha jina kikisomwa kwa sauti, ni shughuli ya Jumamosi moja isiyo na gharama.

Safari inayostahili kugharimiwa ni ile ya Itasca, zaidi ya kilomita 300 kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, katika hifadhi iliyotengwa mwaka 1891. Hapo ndipo mto Mississippi unapoanza, ukiwa na upana wa mita sita hivi na kina cha magoti, na watoto wanaweza kuuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Mto huo huo utakapofika Ghuba ya Mexico utakuwa umesafiri takriban kilomita 3,770. Vitabu vya zamani vilimsifu Henry Schoolcraft kwamba aliigundua chemchemi hii mwaka 1832, ilhali aliongozwa hadi hapo na Ozaawindib, Mojibwe aliyelijua ziwa hilo kama mtu anavyoujua ua wa nyumba yake. Msomaji wa Afrika Mashariki amekwisha kukumbuka Speke, Mwingereza aliyesifiwa kwamba aligundua chanzo cha mto Nile kwenye maporomoko ya Jinja mwaka 1862. Watoto wetu wanaweza kuzisikia habari hizo mbili pamoja, na mara hii mtoto wa Kiafrika ndiye mwenye kitu cha kuwafafanulia wenzake. Jina Itasca nalo halikutoka kwa wenyeji; Schoolcraft alilikata kutoka katikati ya maneno mawili ya Kilatini, veritas na caput, yaani kweli na kichwa. Hata mawe yale ya kuvukia yalipangwa na wafanyakazi wa serikali katika miaka ya 1930, jambo ambalo watoto hulipenda sana kulijua, kwa maana huwafanya waanze kukagua kila kitu wakiuliza kama kilikuwapo au kiliwekwa.

Jioni, katika ziwa lile, ndipo loon husikika. Sauti yake ya kwanza ni ndefu na ya upweke, inapanda kisha inashuka, na watoto waliokuwa wakisukumana hunyamaza wote kwa pamoja bila kuamriwa. Kwa darubini mtu huona mgongo wake wenye madoadoa meupe yaliyopangika kama mkeka, na yale macho mekundu. Akiwa na vifaranga huwabeba mgongoni. Watoto wakishampenda ndipo waambiwe kinachomuua: vichubwi vya madini ya risasi vinavyopotea ziwani nyuzi za ndoana zinapokatika, ambavyo loon huvimeza pamoja na changarawe anazookota chini ya maji, na sumu ya risasi huingia mwilini. Kisanduku cha ndoana cha baba mmoja mmoja kikaguliwe, chubwi la risasi litolewe na mahali pake liwekwe la chuma au la bati. Kazi hiyo haichukui nusu saa, na ni wajibu wa kiraia ulio katika kimo cha mtoto wa miaka saba.

Lakini shughuli ninayoiombea nafasi kuliko zote ni ya mwisho wa Agosti na Septemba, mavuno ya manoomin, ambayo kwa lugha yetu tunaweza kuyaita mpunga mwitu. Ni nyasi ya majini, jamaa wa mpunga tuujuao lakini si mpunga wenyewe, na tangu mwaka 1977 ndiyo nafaka rasmi ya jimbo. Kwa Waojibwe ni zaidi ya nafaka, kwani simulizi zao zinasema kwamba mababu waliohama kutoka mashariki walielekezwa wasonge mbele hadi wafike mahali chakula kinapoota juu ya maji. Watu wawili huingia ndani ya mtumbwi. Mmoja husimama nyuma akisukuma kwa upondo, mwingine huketi akiwa na fimbo mbili nyepesi. Kwa moja huyainamisha mabua juu ya mtumbwi, na kwa nyingine huyapukusa taratibu, punje zilizoiva zidondoke ndani na nyingine ziangukie majini ziwe mbegu ya mwaka ujao. Kisha nafaka hukaangwa, hukanyagwa kwa miguu yenye viatu laini ili maganda yaachie, na mwishowe hupepetwa.

Hapo kwenye kupepeta ndipo nilipoona kitu ambacho sijakisahau. Tulikuwa tumekaribishwa na familia ya Kiojibwe huko kaunti ya Aitkin, na mwenyeji wetu alikuwa akiwaonyesha watoto jinsi ya kurusha nafaka kwa chombo kipana cha gome la mti wa birch, pumba zikipeperushwa na upepo. Mama mmoja wa Kikongo, aliyekuja kumsindikiza mwanawe na ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliomba chombo kile kwa ishara. Akakishika kama ungo, akajipanga na upepo, na kwa mikono iliyoijua kazi tangu utotoni akaanza kupepeta. Mwenyeji alitazama, akacheka kwa furaha, akaongeza nafaka. Mtoto wa yule mama, ambaye katika vikao huwa kimya kama mama yake, aligeuka na kuwaambia wenzake kwa Kiingereza chake kwamba huyo ni mamangu. Skauti wale walijifunza pia siku hiyo, kwa swali la mmoja wao kuhusu nani mwenye ziwa, kwamba katika mkataba wa mwaka 1837 Waojibwe waliitoa ardhi lakini wakabakiza haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna, na kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha haki hiyo mwaka 1999.

Liko somo lililo gumu kuliko hayo, nalo liko karibu mno kuliepuka. Kituo kikubwa cha skauti wa Minneapolis na St. Paul kipo Fort Snelling, ngome ya zamani ya jeshi, katika jengo la zamani la mazoezi ya askari wapanda farasi, na maelfu ya watoto hupanda kuta na kulala humo kila mwaka. Chini ya ngome hiyo mto Minnesota unaungana na Mississippi, mahali ambapo Wadakota hupaita Bdote na ambapo kwa simulizi zao ndipo walipoanzia kuwa watu. Kwa maneno yetu, ndipo kilipozikwa kitovu chao. Baada ya vita vya mwaka 1862 kati ya Wadakota na Marekani, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa siku moja mjini Mankato, tarehe 26 Desemba, na watu zaidi ya 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walizuiliwa majira yote ya baridi katika kambi iliyozungushiwa uzio kwenye tambarare ya mto chini ya ngome. Wengi walikufa kwa magonjwa. Mwaka 1863 waliobaki wakapakiwa kwenye meli za mvuke na kupelekwa Crow Creek, mbali na nchi yao.

Je, mtoto wa miaka minane aambiwe haya? Maoni yangu ni kwamba habari za kunyongwa zisubiri umri mkubwa kidogo, bali habari za kambi aambiwe, kwa sauti ya kawaida, akiwa amesimama pale pale. Wanaosema kwamba watoto hawaziwezi habari hizo wamewasahau skauti wetu waliozaliwa Nyarugusu, ambao kambi kwao si neno la historia. Watoto wa namna hiyo wakiambiwa kwamba hapa pia familia zilikaa kwa kuhesabiwa, zikisubiri wengine waamue watapelekwa wapi, hawaogopi. Huuliza maswali ya watu wanaojua, kama vile maji yalitoka wapi, na nani alikuwa anagawa chakula. Ngome hiyo hiyo ndiko Dred Scott na mkewe Harriet walikoishi kama watumwa katika miaka ya 1830, katika eneo ambalo sheria haikuruhusu utumwa, na madai yao ya uhuru ndiyo yaliyokataliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1857. Mtoto anayelala usiku mmoja katika kituo kile bila kusikia lolote kati ya hayo amenyimwa kitu kilicho chake.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wazazi wetu wengi hufanya zamu za usiku katika nyumba za wazee na hawana Jumamosi za kutosha. Petroli ni ghali. Majira ya baridi ni marefu. Kwa hiyo sisemi safari zote zifanyike mwaka mmoja. Safari moja ndefu na mbili za karibu kwa msimu zinatosha, magari yashirikiane, na kibali cha kuingia hifadhi za jimbo kiulizwe maktaba, kwani maktaba kadhaa za umma huviazimisha kama vitabu. Miezi ya theluji iachiwe bendera, barua za wabunge na kisanduku cha ndoana. Wenyeji asilia nao waalikwe na walipwe kwa muda wao kama walimu wengine; yako mataifa 11 ya Wadakota na Waojibwe ndani ya mipaka ya jimbo hili, na si haki kuwasimulia watoto habari zao kama za watu waliokwisha kupita.

Katika kikundi chetu tumetundika ukutani ramani ya Minnesota yenye kaunti zake 87, zote zikiwa nyeupe. Sharti ni kwamba mtoto anaruhusiwa kuipaka rangi kaunti ambayo mguu wake umeikanyaga, na awe na jambo moja la kusimulia alilolisikia kwa mtu anayeishi huko. Baada ya misimu miwili zimepakwa nne: Hennepin, Ramsey, Aitkin na Clearwater, ambako Mississippi unaanzia. Clearwater ilipakwa na yule mtoto aliyempaka loon macho ya samawati, ambaye sasa ana miaka tisa. Aliipaka nyekundu yote, akibonyeza kalamu hadi ikavunjika, na nilipomwuliza kwa nini nyekundu wakati kule kote ni maji, aliniambia kwamba ndivyo yalivyo macho yake, naye amemwona.